Heri ya Krismasi kutoka kibanjani kwa Tata

Ndugu, jamaa na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya uwakute wazima.

Naandika nikiwa Dar es Salaam, begi liko mlangoni. Kesho alfajiri napanda basi la Bukoba. Tata, ndivyo kwetu tunavyomwita baba, amenipigia simu mara tatu leo, na swali lake ni lilelile: "Mnakuja wangapi?" Hajauliza nimembebea nini. Anataka hesabu.

Mnaotujua mnaelewa. Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kwenda misa, Tata hutupanga uani kwa umri, tukahesabu namba kama askari: moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Tulifanya hivyo tukiwa watoto wa makamasi, na tunafanya hivyo leo tukiwa na mvi, watoto wetu wakichungulia mlangoni na kucheka. Yeye hacheki. Husubiri namba ya mwisho itoke mdomoni mwa mwenyewe, kisha hushusha pumzi na kusema, "Haya, twendeni kanisani."

Miaka mingi nilidhani ni mazoea tu ya jeshi yaliyomganda. Krismasi ya 1978 Tata alikuwa askari wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kijana wa miaka ishirini na ushee. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameingia Kagera, mkoa wetu, mwishoni mwa Oktoba na kulivunja daraja la Kyaka, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Kufikia Desemba adui alikwisharudi ng'ambo ya mpaka. Tata na wenzake walikuwa kwenye mahandaki, mvua inawanyeshea, wanasubiri amri. Nyumbani kwao Muleba hapakuwa mbali, lakini sikukuu ile hakuiona. Januari wakaichukua Mutukula, Februari Masaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Toka mpakani ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa alikwenda kwa miguu.

Katika yote hayo amenisimulia jambo moja tu. Kila jioni walihesabu, kila mtu na namba yake, na kuna jioni zamu ya mwenzao mmoja ilifika pakawa kimya. Sajini akangoja. Bado kimya. Tata aliponiambia hivyo alikuwa anamenya ndizi, na kisu hakikusimama.

Alirudi akaikuta nchi imefunga mkanda. Mwalimu alikuwa ameomba miezi 18, na waliokuwepo wanajua ilivyorefuka: sukari foleni, sabuni foleni. Tata akavua buti, akashika panga. Kibanja, shamba alilorithi, kilikuwa kimezidiwa na magugu. Akapanda kahawa upya, akatandaza nyasi chini ya migomba, akaoa.

Halafu ukaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu. Kwetu waliuita Juliana, na waliutaja kwa kunong'ona. Ndani ya miaka mitatu Tata alimzika kaka yake na mdogo wake, wake zao wakafuata. Tukabaki watoto watano. Naam, mimi ni mmoja wao. Wengi wenu mmenijua kama mtoto wake wa kumzaa, na yeye hajawahi kumsahihisha mtu.

Baada ya matanga ya mwisho ukoo ulikaa kikao. Hoja ilikuwa tugawanywe, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba, na sikumbuki kama kulikuwa na ubaya ndani yake. Kila nyumba ilikuwa na msiba wake. Tata alisikiliza mpaka wakamaliza, akasema, "Hawa hawagawanywi." Ma, mke wake, alikuwa na wanne wa tumbo lake. Hakusema neno. Aliingia ndani, na kutoka pale uani tulisikia mkeka ukikung'utwa. Nikiulizwa ujasiri niliouona kwa macho yangu, nitautaja mkeka ule kabla ya Kampala.

Krismasi hiyo hesabu iliongezeka kutoka nne hadi tisa. Na hatukupangwa mwishoni mwa mstari. Tata alitushika mabega mmoja mmoja akatuingiza kwa umri, katikati ya watoto wake. Mimi nikawa namba sita.

Vinywa tisa si mchezo. Mwaka 1989 makubaliano ya kahawa ya kimataifa yakavunjika, bei ikaporomoka. Akaongeza kazi ya ulinzi wa usiku, asubuhi anapita moja kwa moja shambani. Mafao yake aliyafuatilia miaka mingi kwenye ofisi moja iliyopoteza faili lake, ananyoosha shati, anakwenda, anarudi na bahasha ileile. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba, aling'oa mashina aliyoyapanda mwenyewe akayafukia, na kila akikata shina moja aliipitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa jingine.

Ninachokiona nikifumba macho ni kikombe chake cha jeshi, cha bati, kimebonyea ubavuni. Msimu kama huu, wa senene, wale panzi wa kuliwa, ndicho kilichokuwa kipimo. Tulikesha tukinyonyoa mbawa na miguu, Ma akakaanga kwa mafuta ya senene wenyewe, kisha Tata akamgawia kila mmoja kikombe kimoja, akisawazisha juu kwa kidole gumba. Namba moja na namba tisa walipata sawasawa.

Siku hizi magoti yanamsumbua na sikio la kushoto halisikii vizuri. Bado mkesha wa Krismasi huomba apelekwe Kaboya, walikolala wenzake wa vita ile. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wanakumbukwa na taifa zima. Yeye huwaendea pia Desemba, wakati kila mtu ana shughuli za nyumbani kwake. Husimama kofia mkononi. Safari iliyopita nilisimama nyuma yake, nikaona midomo inacheza. Alikuwa anahesabu.

Kwenu nyote wenye wazee wa namba zile, na kwenu mliolelewa na baba mdogo, baba mkubwa au shangazi aliyekataa mgawanywe, Krismasi hii nawaombea safari njema na nyumba iliyojaa. Kwenu mnaoikuta sikukuu kazini, mpakani, wodini au lindoni, tunawakumbuka mezani.

Namba saba hataweza kufika mwaka huu, yuko zamu. Tumekubaliana apige simu asubuhi, niishike juu karibu na sikio la kulia la Tata, na zamu yake ikifika aitike.