Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: tuachieni hatua mbili kando ya mfongo

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kutoka Marangu.

YAH: NJIA ZA MIGUU KANDOKANDO YA MIFONGO

Kila Desemba, kuanzia tarehe 20 hivi, Marangu Mtoni hapapitiki kwa magari. Wachagga wamerudi nyumbani. Mbuzi wanachinjwa, mbege inanyweka, makanisa yanafurika, na ikifika siku ya tatu watoto waliotoka Dar es Salaam wanaanza kuuliza hapa mtandao unashika wapi. Mwaka juzi niliwakusanya sita wa ukoo wetu, pamoja na shangazi yao mwenye goti bovu, nikawapitisha kando ya mfongo, yaani mfereji wetu wa jadi wa kumwagilia mashamba. Tulitembea kama saa mbili. Hakuna aliyelalamika, hata shangazi, ambaye kulalamika ndiyo fani yake.

Siri ya siku ile ni ndogo: maji hayapandi mlima.

Wewe unaijua nchi yetu, ni migongo na makorongo. Kumtembelea jirani unayemwona kwa macho ni kushuka hadi mtoni na kupanda tena ukihema. Mfongo haufanyi hivyo. Unachukua maji juu kwenye banio, pale mto unapozuiwa, halafu unauzunguka ubavu wa mlima taratibu, ukishuka kidogo sana hata jicho haliwezi kuona. Waliouchimba hawakuwa na pimamaji wala ramani, ila walilijua hilo. Wazungu wa kwanza kufika Uchaggani, katikati ya karne ya 19, waliikuta mifongo inatiririka. Na kijia kilicho kando yake, kilichokanyagwa na wazee wa kizazi baada ya kizazi wakikagua maji, kimelala vilevile kama maji yenyewe. Mtoto wa miaka mitano anakiweza. Bibi mwenye fimbo anakiweza.

Nikueleze tulikopita, maana nahofia kwenye mafaili mfongo ni mstari wa bluu tu, kama umechorwa.

Tulianzia sokoni, siku ya soko. Kina mama wameshusha ndizi: mshare, kitarasa, na zile za kupika mbege. Kelele, vumbi, bodaboda. Ukipita nyuma ya vibanda na kuingia kwenye migomba, kelele inakatika ghafla kana kwamba mtu kafunga mlango. Juu kabisa kuna miringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na pembezoni mwa maji magimbi yenye majani mapana kama sinia. Mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, na kihamba kingine ni mimea ya masale. Nikawaambia watoto kwamba zamani mtu akikukosea akaja na jani la sale, ilikubidi umsikilize. Mmoja akachuma moja, akampelekea dada yake waliyekuwa wamenuniana tangu Korogwe.

Mbele kidogo kuna kijikorongo, na hapo ndipo nilipowasimamisha kwa muda mrefu. Mfongo unavuka juu ya korongo ndani ya gogo lililochongwa katikati kama mtumbwi. Gogo limeota kuvu la kijani, linavuja matone mawili matatu, na kila tone likianguka chini kuna jani la jimbi linalotikisika. Basi. Watoto walilitazama lile jani kuliko walivyowahi kunitazama mimi.

Kisha tukamkuta mzee akifungua maji, zamu yake ilikuwa imefika. Lango lenyewe ni kipande cha mgomba na donge la udongo lenye majani yake. Akalisukuma donge kwa mguu. Maji yakasita kwanza, kama yanafikiri, yakasukuma majani makavu mbele yake, yakaingia shambani. Mmoja wa watoto akauliza bili inalipwa kwa nani. Mzee akacheka mpaka akakaa. "Hapa tunalipa kwa jembe," akamjibu, akaanza kumweleza msaragambo: kwamba kila mwenye zamu hutoka siku ya kusafisha mfongo, na asiyetoka hukosa maji. Akamwonyesha na nduwa, kibwawa kinachojazwa usiku watu wamelala ili asubuhi maji yatoke kwa nguvu. Hii kazi yote zamani ilikuwa ya wanaume, sisi wanawake hatukuhesabiwa. Leo mimi ndiye ninayekuandikia kuihusu, na sidhani maji yamekasirika.

Sasa shida yenyewe.

Mwaka huu nimerudia njia ile ile na wageni wengine, nikakwama mara mbili. Mara ya kwanza ni ukuta. Mtu amejenga vizuri, tofali za kuchoma na geti la chuma, lakini ukuta umefika hadi kwenye ukingo wa maji. Hakuna pa kuweka mguu. Tulipita ndani ya mfongo wenyewe, viatu mkononi, na maji ya mlimani unayajua ubaridi wake. Mara ya pili, kipande cha mfongo kimefukiwa ili bomba lipite, na kijia kimefukiwa pamoja nacho. Simtaji mtu, maana hakuna aliyevunja sheria iliyoandikwa. Hilo ndilo linalonisumbua.

Mto una ulinzi wake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mfongo, mita 60 ni kichekesho, tungehama sote, maana kihamba kizima hakina upana huo. Lakini kati ya mita 60 na sifuri kuna nafasi ya kuzungumza. Mimi naomba hatua mbili. Hatua mbili za mtu mzima upande mmoja wa mfongo, zisijengwe, zisizungushiwe wigo, na mtu yeyote aruhusiwe kupita. Vijiji vina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, na sheria ndogo hizo zinahitaji idhini ya halmashauri. Kwa hiyo kinachotakiwa kutoka kwako ni kuwaambia watendaji wa vijiji kwamba wakileta jambo hili, halitalala mezani. Vihamba vinagawanywa kila mwaka, baba anawakatia wanawe, mwana anaweka ukuta wake. Tukingoja miaka kumi tutakuwa tunazungumzia hadithi.

Kuhusu bomba, usinielewe vibaya. Maji ya kunywa yapite kwenye bomba, watoto wetu wameugua vya kutosha. Na najua mfongo wa udongo unapoteza maji njiani, na watu wa tambarare wanaolima mpunga wanayahitaji kama sisi. Nachosema ni kwamba bomba linaweza kuzikwa upande mmoja na kijia kikabaki upande wa pili. Fundi akiambiwa mapema haimgharimu kitu.

Utaniuliza: faida iko wapi? Simama Marangu Mtoni asubuhi yoyote ya msimu uhesabu magari ya watalii. Yanapita moja kwa moja hadi lango la hifadhi, vioo vimefungwa. Tunauona umaarufu wa Kilimanjaro kama tunavyoiona ndege. Lakini katika kila msafara wa wapandaji kuna aliyebaki chini: mke asiyetaka kupanda, baba mwenye presha, kijana aliyeteremshwa siku ya pili kwa kuumwa kichwa cha mwinuko. Hawa hukaa hotelini siku tano wakiangalia mvua. Wengi wao wakipewa matembezi ya saa mbili yasiyo na jasho, na kikombe cha kahawa iliyokaangwa na kutwangwa mbele yao, watalipa kwa furaha. Na Desemba kuna sisi wenyewe, ambao kila mara tunasahauliwa utalii ukizungumzwa.

Wapo waliotutangulia. Kisiwa cha Madeira cha Wareno kina mifereji ya umwagiliaji inayozunguka milima kama yetu, wanaiita levada, na watu wanapanda ndege kutoka Ulaya nzima kwenda kutembea kando yake. Wanachofuata ni maji yanayokwenda na kijia kinachokwenda nayo, tuseme kweli. Hata hapa kwetu, FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Kwa hiyo dunia inajua. Anayesubiriwa ni mwenye ukuta.

Nisichokiomba nikiseme pia, maana najua jinsi mambo yanavyokua yakishaingia kwenye mradi. Siombi geti. Siombi kibanda cha tiketi, wala bango kubwa lenye picha za viongozi, wala kijia kimwagiwe zege. Zege itawafaa wenye pikipiki, na wakishaingia pikipiki shangazi hatatembea tena. Magogo matatu ya kuvukia yamechoka, hayo yabadilishwe, na kwa hilo msaragambo unatosha tukipata mbao. Kama kuna senti ya kukusanywa kwa mgeni, ikusanywe na kamati ya mfongo, itumike kusafisha mfongo. Na watoto wafundishwe shuleni kutoomba kalamu na pipi kwa wageni. Hilo linanitia aibu kuliko ukuta.

Marangu, wazee wanasema, maana yake ni mahali penye maji mengi. Nakukaribisha uje uyaone kwa miguu. Njoo siku ya soko kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa bado liko nyuma ya migomba, bila msafara na bila king'ora. Mje wawili au watatu, kijia hakina upana wa zaidi ya hapo. Vaa raba kuukuu, kwa sababu pale penye ukuta nitakuomba uvue viatu upite majini kama tulivyopita sisi. Chai na kiburu vitakuwa tayari kwangu tukirudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa Marangu