Mwenzake aliona, akasema, akala adhabu

Ndugu Mhariri,

Gazeti hili nimelisoma tangu nikiwa koplo mkufunzi, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu ya ile habari yenu ya makuruta waliomaliza mafunzo ya kusaidiana ili kuzuia vifo vya kujiua. Mliweka picha ya mkuu wa kambi akigawa vyeti, mkaandika kwamba kuanzia sasa vijana "watalindana wenyewe". Maneno hayo mawili yameninyima usingizi. Wenyewe! Kijana wa miaka 18 au 19, aliyenyolewa juzi, ambaye hata kwenda msalani anaomba ruhusa kwa kupiga mguu, ndiye aliyekabidhiwa uhai wa mwenzake. Wakubwa waliosimama pembeni kwenye picha hiyo hamkuwauliza wao wamefundishwa nini.

Sipingi mafunzo yenyewe. Nayaunga mkono kwa moyo wote, na nitasema kwa nini, maana mwandishi wenu hakueleza. Kuruta anayefikiria kujiua hamwendei afande. Afande anamwona kwenye gwaride tu, amesimama wima kama wengine, vifungo vimefungwa, buti linang'aa. Anayejua kwamba kijana huyu halali usiku ni yule wa kitanda cha juu. Anayejua kwamba ameacha kula ni yule anayesogezewa sahani yake. Wenzake ndio wanaomsikia akisema kwamba nyumbani wangepata nafuu kama yeye asingekuwepo. Wao ndio anaowagawia saa yake, picha zake na sabuni zake bila sababu, na wao ndio wanaoshangaa mtu aliyekuwa na huzuni wiki nzima anapoamka ghafla ametulia kupita kiasi. Ukiwafundisha kuzitambua dalili hizo, ukawafundisha kuuliza bila kuzunguka, "Unafikiria kujiua?", umefanya jambo kubwa. Wapo wanaoogopa kwamba swali hilo humtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Watafiti wamelichunguza jambo hilo mara nyingi na hawakuona madhara hayo. Wengine hupata hata nafuu kwa kuulizwa tu. Baada ya kuuliza, kazi ya kuruta ni kusikiliza, kutomwacha mwenzake peke yake, na kumfikisha kwa mtu anayeweza kumtibu. Hapo kazi yake imekwisha. Kuruta hageuzwi daktari.

Kwamba kundi lenyewe linaweza kuwa kinga, ushahidi upo. Jeshi la Anga la Marekani lilifanya jaribio la mafunzo yanayoitwa Wingman-Connect kwa askari wanafunzi 1,485 wa madarasa 215, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Hawakuchagua wachache wa kuwachunguza wenzao. Darasa zima lilikaa pamoja, kwa saa 6 zilizogawanywa katika vipindi vitatu, likajifunza namna ya kushikamana, kuombana ushauri, kukumbushana kwa nini wako pale na kutafuta msaada mapema. Madarasa mengine yalifundishwa tu namna ya kukabiliana na msongo. Baada ya mwezi mmoja, waliofundishwa pamoja walikuwa na sonona pungufu na mawazo ya kujiua pungufu kuliko wale wengine. Baada ya miezi sita nafuu ya sonona ilikuwa bado ipo, ila katika mawazo ya kujiua tofauti haikuonekana tena waziwazi. Hilo la mwisho lingepaswa kumtia wasiwasi kila mkuu wa kambi, kwa sababu linaonyesha kwamba mafunzo ya mara moja hufifia. Ninyi mmeandika kana kwamba cheti kikishatolewa mambo yamekwisha.

Sasa niwaeleze niliyoyaona, kambi sitaitaja. Usiku mmoja kuruta alinijia, akasimama mlangoni kwa ukakamavu huku sauti inamtetemeka, akasema rafiki yake wa kitanda cha jirani amegawa vitu vyake vyote na amemuaga kwa maneno yaliyomtia hofu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Aliona kwa macho ya mtu anayempenda mwenzake, akavuka woga wake, akaja. Nililipeleka jambo hilo kwa mkubwa wangu usiku uleule. Jibu lilikuwa neno moja: "Anatega," yaani anajifanya mgonjwa ili akwepe kazi. Nikasisitiza, nikaambiwa nirudi kwenye kwata yangu na niache kudekeza watoto wa watu. Asubuhi yule kijana mgonjwa alitolewa mbele ya kombania nzima, akaulizwa kwa kelele kama anamtaka mama yake, na kombania ikaamriwa icheke. Aliyekuja kuniambia alipigishwa doso, yale mazoezi ya adhabu, mpaka akatapika, kisha akapangiwa lindo la usiku wa manane mfululizo, kosa lake kuvuruga morali. Kuanzia siku hiyo hanga lote, yaani bweni la makuruta, lilifunga mdomo. Ningeingia nikauliza habari, wote wangejibu "Salama, afande!" kwa sauti moja. Lakini vijana wale, bila cheti wala semina, walipanga zamu kimyakimya. Kila usiku mmoja wao alikaa macho karibu na kitanda cha yule mgonjwa, akijifanya anashona kifungo au anapiga kiwi buti, mpaka daktari mgeni aliyekuja kupima afya za makuruta alipomwona na kuamuru aondolewe kwa matibabu. Yuko hai mpaka leo na ana familia. Aliyeripoti hakumaliza depo, yaani mafunzo ya awali. Aliomba kuondoka, na faili lake likaandikwa kwamba hana uvumilivu. Mhariri, kijana yule alifanya kila kitu ambacho mafunzo haya yanakifundisha leo, na jeshi likampoteza yeye likabaki na aliyemwadhibu.

Ndiyo maana nasema jeshi linawafundisha watu sahihi na kuwaacha walio muhimu zaidi. Mnyororo hauanzi kukatika kwa kuruta. Unakatika kwa koplo, kwa sajenti, kwa luteni kijana anayeogopa kuonekana platuni yake ina "wagonjwa wa kichwa", na juu kabisa kwa kamanda anayehesabu kila anayekwenda zahanati kuwa doa kwenye ripoti yake. Hili si jambo geni. Marekani hiyohiyo, Jeshi la Anga lilipoanza mpango wake wa kuzuia kujiua mwaka 1996, lilianza na wakuu. Majenerali ndio waliotakiwa kuwaambia askari, mara kwa mara, kwamba kuomba msaada si aibu; makamanda wakafundishwa; na askari aliyekuwa akichunguzwa kwa makosa, akionekana yuko hatarini, akawekewa ulinzi wa siri zake anapozungumza na mtabibu. Watafiti walipolinganisha miaka ya kabla na ile ya baada, hadi 2002, hatari ya kujiua ilikuwa imeshuka kwa asilimia 33. Mwaka 2004 utekelezaji ulilegea, na mwaka huo viwango vikapanda. Uingereza nako, katika kambi ya Deepcut, makuruta wanne walikufa kwa risasi kati ya 1995 na 2002, na uchunguzi wa wakili Nicholas Blake uliotoka mwaka 2006 ulieleza usimamizi hafifu na wakufunzi waliowatesa vijana. Kuruta wa pale angefundishwa kumsaidia mwenzake, angempeleka kwa nani? Kwa mtesaji? Mwaka 2021 Marekani ilipitisha sheria inayomruhusu askari kuomba uchunguzi wa afya ya akili kwa siri, kwa sababu yoyote, bila kulazimika kueleza. Imeitwa kwa jina la baharia Brandon Caserta, aliyefariki mwaka 2018, na wazazi wake ndio walioipigania. Wazazi! Wanajeshi wenye nyota mabegani walingoja mama na baba waliofiwa waje wawaonyeshe kasoro yao. Na tukiwa kwenye wajibu wa wakubwa, jeshi la Israel mwaka 2006 liliamua askari waache silaha kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki, na vifo vya kujiua vikapungua kwa takriban asilimia 40. Hakuna kuruta duniani anayeweza kutoa amri kama hiyo. Inatolewa na mtu mwenye kalamu na mamlaka, siku anapoamua kwamba vijana hawa ni wake.

Na ninyi waandishi msijiweke kando. Kabla ya habari hii mliwahi kuandika kifo cha askari kijana, mkataja njia aliyotumia kwenye kichwa cha habari, mkaweka picha ya mahali penyewe, mkamnukuu jirani akisema sababu ni kuachwa na mchumba. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuandika habari hizi tangu mwaka 2000 na limeuhuisha mara kadhaa, mara ya karibuni 2023. Unasema msitaje njia, msitaje mahali, msirahisishe sababu kuwa moja, mweleze msaada unapatikana wapi. Habari za kujiua zikipambwa huwavuta walio dhaifu kufuata, na walio dhaifu wanasoma gazeti lenu hangani baada ya chakula cha jioni. Isitoshe, bado zipo zaidi ya nchi 20 duniani ambako kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Ghana iliifuta sheria hiyo mwaka 2023. Kuruta anayejua kwamba kumsema rafiki yake kunaweza kumpeleka rafiki huyo mahakamani atanyamaza, hata apewe vyeti kumi. Hilo sijawahi kuliona kwenye safu yenu ya maoni.

Ninachotaka kifanyike ni hiki. Koplo na sajenti wote wakae madarasani kabla makuruta hawajawasili, wajifunze somo lilelile, na ambaye hajalipita asikabidhiwe hanga. Mlangoni mwa kila hanga ibandikwe amri yenye saini ya mkuu wa kambi kwamba anayemleta mwenzake, saa yoyote ya usiku, haulizwi kwa nini ametoka kitandani. Jina lake likionekana kwenye orodha ya adhabu ndani ya siku 30 tangu aripoti, mkuu wa kambi mwenyewe aandike barua kwenda makao makuu kueleza, si koplo. Wiki ya kwanza kila kuruta apelekwe zahanati, wawili wawili, wamsalimie mshauri nasaha na kukaa kwenye kiti chake, ili siku ya shida mlango ule usiwe mgeni. Pawe na simu mahali ambapo hakuna anayesikiliza, na namba ya msaada iandikwe ndani ya kila kabati. Mafunzo yarudiwe kila askari anapohamishiwa kikosi kipya, kwa sababu huko anaanza tena bila rafiki.

Mwandishi wenu akialikwa tena kwenye sherehe ya vyeti, aombe kuonana na makoplo. Aulize wangapi wamefundishwa, aulize kuruta wa mwisho kuripoti habari za mwenzake alitendewa nini, na majibu hayo myachape ukurasa uleule mlioweka ile picha. Kama hafahamu pa kuanzia, niko tayari kwenda naye.

Mkufunzi mstaafu