Gari limeitwa Japani, liitikie Arusha

Ndugu Mhariri,

Wanaolalamikia ubovu wa magari aghalabu hututaja sisi mafundi, na wababaishaji kweli tunao. Lakini ipo kasoro ambayo haikuletwa na fundi, wala mwenye gari, wala matuta ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Imetoka na gari kiwandani. Kiwanda chenyewe kimeshaikiri hadharani, kifaa cha kubadilisha kimeshatengenezwa, na gari bado linapita Sakina na Kijenge likiwa na kile kile kibovu.

Kiwanda kikigundua kasoro ya usalama huyaita magari yarudi. Mafundi tunasema gari lina rikoli. Mwenye gari anaandikiwa barua, analipeleka kwa wakala wa kiwanda, kifaa kinabadilishwa bure. Magari hutafutwa kwa namba ya chasisi, na barua huenda kwa mtu aliyemo kwenye usajili wa Japani. Gari likishafutwa kwenye usajili huo, likapanda meli, likashuka Dar es Salaam na kupewa namba ya T, mawasiliano yamekatika. Kiwanda hakijui kwamba Corolla yake iko Pasua, Moshi, na aliyeinunua Pasua hajui kwamba iliwahi kuitwa.

Rikoli kubwa kuliko zote ni ya eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, zilizotengenezwa na Takata, kampuni ya Japani iliyoviuzia viwanda vingi: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW na vingine. Nyuma ya mfuko wa eabegi kuna mtungi mdogo wa chuma wenye vidonge vya baruti. Gari likigonga, vidonge vinawaka kufumba na kufumbua, na gesi yake ndiyo inayojaza mfuko. Takata walichagua amonia naitreti, na katika mitungi mingi hawakuweka kikaushi cha kunyonya unyevu. Chembe za kemikali hiyo hubadilika umbo kila joto linapovuka nyuzi 32 hivi, likipanda au likishuka. Gari linaloegeshwa juani nje ya soko la Kilombero, au Moshi mwezi wa pili, huvuka hapo mchana na kurudi usiku, miaka nenda miaka rudi. Vidonge vinapata nyufa, vinalegea, mwisho vinakuwa unga. Unga huungua haraka kuliko kidonge, presha inaushinda ule mtungi, na chuma kinapasuka vipande vinavyotoboa mfuko na kumfuata dereva shingoni na usoni. Zaidi ya watu 30 wamekufa hivyo duniani, baadhi yao katika migongano midogo ambayo kwa kawaida watu wangeshuka na kuanza kubishana nani mwenye kosa. Mitungi iliyoitwa inakaribia milioni 100. Takata iliomba kufilisiwa Juni 2017.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo mafundi wenzangu. Ukifungua swichi, taa nyekundu ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi, kwenye dashibodi huwaka sekunde sita hivi, kisha huzima. Mwenye gari akiona imezima anajiambia eabegi ni nzima. Mashine ya kupimia ikichomekwa, nayo inasema hakuna kosa. Zote mbili zinasema kweli, ila kwa swali jingine. Kompyuta ya eabegi hupima ukinzani wa waya, yaani kama umeme utafika kwenye mtungi. Hali ya vidonge vilivyo ndani haiwezi kuijua. Eabegi ya Takata iliyooza haiwashi taa yoyote.

Taa isipowaka kabisa hata zile sekunde za mwanzo, hilo ni tatizo la aina nyingine: kuna mtu ametoa balbu ili gari liuzike, na pengine eabegi yenyewe haimo. Wapo pia wanaochomeka rizista, kifaa kidogo cha kuzuia umeme, ya ohmu mbili au tatu kwenye soketi ya njano ya eabegi ili kompyuta idhani eabegi ipo. Mnunuzi autazame usukani vizuri. Kifuniko chake kikiwa kimepakwa rangi upya, au weusi wake hauendani na wa dashibodi, aulize maswali kabla ya kutoa pesa.

Kinachotoa jibu ni namba ya chasisi. Ya gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huwa na sehemu mbili zenye kistari katikati: kwanza herufi na tarakimu za modeli, kwa mfano NZE121, kisha tarakimu sita au saba za gari lenyewe. Msiinukuu kwenye kadi peke yake. Fungueni boneti muisome ilipogongwa, mara nyingi kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au kwa modeli nyingine chini ya kiti cha mbele, halafu mlinganishe na kadi. Kisha fungueni tovuti ya kiwanda husika, ile ya Kijapani, kwenye ukurasa wa kutafuta rikoli, na mwingize sehemu zote mbili. Tovuti za Marekani zitawakatalia, kwa sababu zinataka namba ya herufi na tarakimu 17. Jibu litakuja kwa Kijapani, na kamera ya simu inayotafsiri inatosha kulisoma. Maneno ya kukariri ni mawili: 未実施 maana yake kazi haijafanyika, na 実施済 maana yake imeshafanyika. Pigeni picha ya ukurasa huo na muihifadhi pamoja na nyaraka za gari.

Asije mtu akasema Corolla zote ni mbovu, au kila RAV4, X-Trail na Forester ina mtungi wa kulipuka. Magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana, moja likawa na eabegi ya Takata na jingine ya kampuni nyingine. Ndiyo maana tunasisitiza namba badala ya jina la gari.

Tena wakati wa kujidanganya kwamba Wajapani wangeshalitengeneza kabla ya kuliuza umepita. Tangu Mei 2018, gari la Japani lenye eabegi ya Takata ya kundi la hatari ambayo haijabadilishwa haliruhusiwi kupita ukaguzi wao wa lazima, unaoitwa shaken, ambao kwa gari binafsi hurudiwa kila miaka 2. Mwenye gari anayekaribia ukaguzi huo ana njia mbili, alitengeneze au aliachie mnadani. Mnadani wapo wanunuzi wa kupeleka nje, na wa Afrika Mashariki si wachache.

Eabegi si peke yake. Januari 2020 Toyota ilianza kuita magari kwa sababu ya pampu ya petroli ya Denso inayokaa ndani ya tangi, na idadi ikaendelea kupanda hadi mamilioni, mengi yakiwa ya kati ya 2013 na 2020. Pangaboi la plastiki la pampu hiyo huvimba kwa kunyonya petroli, likaanza kukwaruza nyumba yake, na injini ikazima gari likiwa kwenye mwendo. Dalili ya mwanzo ni gari kugoma kuwaka au kutetemeka. Kwetu dalili hizo hutibiwa kwa plagi nne mpya, koili, na maneno kwamba kituo fulani kinauza mafuta machafu.

Ipo pia kasoro ambayo haikuitwa rikoli kwa kuwa haikuhesabiwa kuwa ya usalama. Toyota Vanguard, na RAV4, Harrier au Estima zenye injini ya 2AZ-FE, baadhi ya zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2011, hula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni membamba, yanaziba kwa masizi, ringi ya oili inakwama. Marekani kiwanda kilirefusha dhamana kwa ajili ya hilo, na kipimo chao kilikuwa takriban lita moja kwa kilomita 2,000. Mwenye gari anaweza kujipimia: jaza hadi alama ya juu ya kijiti, endesha kilomita 2,000, ambazo ni kama safari kumi na mbili za Arusha na Moshi kwenda na kurudi, kisha pima tena injini ikiwa imepoa na gari likiwa mahali tambarare. Kuweka oili nzito zaidi hupunguza moshi kwa muda na kumridhisha mnunuzi. Ringi iliyokwama inabaki imekwama.

Sasa, ukilipeleka gari lenye rikoli kwa wakala wa kiwanda hapa nchini, jibu la kawaida ni kwamba gari hilo hawakuliuza wao. Kibiashara linaeleweka. Kiufundi halisimami, kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo. Kwa eabegi ya usukani unafungua hasi ya betri, unasubiri sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe, unalegeza skrubu mbili za kichwa cha nyota namba T30 ubavuni mwa usukani, unachomoa soketi ya njano, unaweka nyingine. Haifiki saa moja. Kigumu ni kuupata mtungi mpya. Husafirishwa kama mzigo hatarishi, chini ya namba UN 3268, hivyo mtu binafsi hawezi kuuagiza kama anavyoagiza taa au kioo, na kiwanda hutoa mitungi ya rikoli kupitia mawakala wake. Fundi wa Unga Limited hata awe hodari vipi hana pa kuutoa, isipokuwa kwenye maduka ya spea za mtumba, na huko atapewa wa umri ule ule, huenda wa Takata ile ile.

Nyuzilandi hununua magari yaliyotumika ya Japani yenye usukani wa kulia kama sisi. Mwaka 2018 serikali yao iliamuru kwa lazima kubadilishwa kwa eabegi za Takata za kundi la hatari zaidi. Amri ilihusu hata magari yaliyoingizwa yakiwa yametumika, ambayo wakala hakuyauza, na gari lenye rikoli hiyo ambayo haijafanyiwa kazi likazuiwa kuingia barabarani. Mawakala waliyatengeneza.

Kwetu, Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani wanaweza kuanza na dogo zaidi: namba ya chasisi iingizwe kwenye mtandao wakati gari linapokaguliwa kabla ya kusajiliwa, jibu lichapwe, na orodha ya magari yenye rikoli apewe wakala wa kiwanda hicho pamoja na muda wa kumaliza kazi. Wenye yadi nao wakumbuke kuwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa matumizi yake. Maneno "umenunua kama ulivyoona" hayamsaidii mtu asiyeweza kuona ndani ya mtungi wa chuma.

Kwa ambaye tayari ana gari lenye rikoli ya eabegi, ikiwa ni eabegi ya abiria, watu wakae viti vya nyuma hadi ibadilishwe. Ikiwa ya dereva, asogeze kiti kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, na aliendeshe kwa lazima tu. Asikubali kukatiwa waya: baruti inabaki pale pale, na mfumo mzima unaweza kujizima, pamoja na eabegi ambazo hazina kasoro. Aandike barua kwa wakala, aambatishe ile picha ya ukurasa wa Kijapani, nakala aipeleke Tume ya Ushindani, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakala akilalamikiwa kwa mdomo mara mia hana kumbukumbu; barua mia zenye namba za chasisi ataziwasilisha kiwandani.

Wenye yadi za Arusha na Moshi hawahitaji kusubiri amri. Ile karatasi wanayobandika kwenye kioo cha mbele tayari ina mwaka wa gari, ujazo wa injini, kilomita na bei. Mstari mmoja wa rikoli unaenea.

Fundi umeme wa magari,
Unga Limited, Arusha