Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Madaraja ya Mbega, Barabara ya Ufuoni Diani

Waheshimiwa wanachama, wazee wetu, kina mama, na vijana wa bodaboda mliojiunga nasi mwaka huu, asalaam aleikum na hamjambo.

Kama katiba inavyoagiza, natoa taarifa ya mwaka ulioishia Desemba. Shughuli za kawaida mnazijua na sitazirefusha. Madaraja yetu ya waya, yale yanayomvusha mbega, yule kima mweusi mwenye manyoya meupe marefu, juu ya barabara kutoka mti hadi mti, yalikaguliwa kila baada ya miezi mitatu. Matawi yaliyokaribia nyaya za umeme yalikatwa kabla ya masika na tena kabla ya vuli, umeme ukiwa umezimwa, na mafundi wa shirika la umeme lenyewe wakiwa ndio wenye msumeno. Miche ya mikwaju, mikuyu na mibambakofi ilipandwa, shule zilitembelewa, na mabango ya kuwakataza wageni kuwalisha nyani na tumbili yalipakwa rangi upya. Waliofika kwenye kazi hizo wanajijua, nami nawashukuru.

Neno lililowaleta wengi leo ni lile daraja tulilolitoa mbele ya geti la mwanachama mwenzetu na kulipeleka kwenye kona ya mbuyu. Mengi yamesemwa msikitini, sokoni na kwenye simu. Limesemwa hata hili, kwamba mwenyekiti alilisogeza ili liwe karibu na jamaa zake. Sina jamaa, kiwanja wala nyumba upande ule, na ramani iko kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuitazama. Kamati ilipiga kura: watano waliunga mkono, wawili walipinga. Hoja ya kuhamisha niliileta mimi, na sioni haya kulisema hilo.

Sababu ni hizi. Mbega ni mnyama wa juu. Anakula majani, maua na mbegu changa, hana haja kubwa ya kushuka, na akishuka barabarani hana mbio za tumbili. Mkono wake hauna kidole gumba cha maana. Una vidole vinne virefu vya kunasa tawi. Kwa hiyo daraja la mbega linaanzia kwenye majani na kuishia kwenye majani. Lile la getini lilifungwa upande mmoja kwenye mnazi, na upande wa pili kwenye nguzo ya chuma. Mnazi hauna tawi. Mbega akifika pale anakuta gogo tupu na makuti yanayopepea, na mti wenye majani anayoyala uko mbali kuliko anavyoweza kuruka. Juu ya hayo, mnazi unayumba. Upepo wa kusi ukivuma, shina linakwenda na kurudi siku nzima, waya unalegea na kukaza, na pale kwenye klipu, vile vibano vya chuma vinavyofunga mwisho wa waya, nyuzi zinakatika moja moja. Mkaguzi wetu alipanda akakuta nyuzi kadhaa zimekwisha kukatika, na klipu zimekula kutu ya chumvi. Waya wa namna hiyo ukianguka juu ya mtu wa pikipiki, chama hiki kitaulizwa.

Mwanachama mmoja msomi alileta hoja ya subira. Alitukumbusha madaraja ya wanyama ya Banff, nchini Kanada, juu ya barabara kuu ya Trans-Canada, ambako dubu wakubwa walichukua miaka kadhaa kuyazoea. Ni kweli, na hoja ni nzuri. Lakini kule barabara ina uzio mrefu pande zote mbili. Mnyama akifuata uzio anafikishwa darajani, apende asipende. Hata hapa kwetu, ile njia ya tembo chini ya barabara ya Nanyuki na Meru, ambayo tembo walikuwa wameshaanza kuipita Januari 2011, ilijengwa ndani ya ushoroba, yaani njia ya kupitia wanyama, wa kilomita 14 hivi unaounganisha Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare, na ushoroba huo una uzio. Sisi hatuna uzio juu ya miti. Kinachomwongoza mbega ni matawi yanayogusana. Daraja likiwa nje ya mkondo wa matawi, subira haisaidii, kwa sababu mnyama hapiti hata karibu nalo.

Tena wengine wakauliza kwa nini lisiachwe hapo na lingine likajengwa. Daraja lisilopitwa linataka ukaguzi uleule, klipu zilezile na mkwezi yuleyule kama linalopitwa. Fedha zetu mtaziona hapa chini.

Kwa faida ya wanachama wapya, na ili mwaka ujao tusirudie mabishano, naeleza jinsi mahali panavyochaguliwa. Kwanza kundi linafuatwa kwa macho asubuhi na mapema, kisha alasiri linaporudi kulala. Panatafutwa pale wanaporuka barabara au wanaposimama wakitazama ng'ambo bila kuvuka. Hapo pa kusita ndipo panapohitaji daraja zaidi. Kinyesi na majani yaliyotafunwa chini ya mti ni ushahidi. Pili, pande zote mbili pawe na mti mzima wenye afya, shina lisipungue sentimita 30, usiwe mnazi wala mti uliooza moyo; gonga kwa nyundo, usikie. Tatu, daraja likae mbali na nyaya za umeme, mita 3 au zaidi, na si chini yake wala juu yake. Mnyama hufa anapogusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na chuma cha nguzo, kwa hiyo daraja linalompeleka karibu na waya ni mtego. Nne, katikati ya daraja, pale linapobonyea, pabaki mita 6 juu ya lami. Kuna malori hapa yanapakia makuti na magodoro hadi juu kabisa.

Kona ya mbuyu ilitimiza yote manne. Upande wa bahari ni mbuyu wenyewe, upande wa bara ni mbambakofi, na barabara hapo ni nyembamba.

Ujenzi ulikuwa hivi. Nyaya mbili za chuma kisichoshika kutu, unene milimita 10, zilikwenda sambamba kwa nafasi ya sentimita 30. Vipago, yaani vijiti vya kukanyagia kama vya ngazi, ni vipande vya paipu ya plastiki, kimoja kila sentimita 30, juu yake mpira wa zamani wa maji, kwa sababu paipu tupu inateleza ikinyeshewa na jua huifanya ivunjike kama ganda. Shina lilivikwa vipande vya tairi ili waya usikate gome. Waya ukizunguka mti bila kinga, mti unaponenepa unajikaba na kufa, na daraja linakufa nao. Kila mwisho wa waya una klipu tatu zilizoachana kama sentimita 6. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: ile U ya klipu ibane mkia wa waya, na tandiko lake likae juu ya waya unaobeba uzito. Ukigeuza, U inauponda waya wenye mzigo na kuukata taratibu, nawe ukitazama kutoka chini unaona kila kitu kiko sawa. Baada ya siku chache nati zilikazwa tena, kwa maana waya mpya ukibeba uzito hunyooka na kuwa mwembamba kidogo. Mwisho, matawi madogo yalifungwa kwenye ncha zote mbili hadi yakaingia ndani ya majani.

Wakwezi wetu wa minazi ndio waliopanda, wamevaa mishipi ya usalama iliyonunuliwa na chama kwa msisitizo wangu. Kima ndio waliotangulia kupita, tumbili wakafuata, na mbega wakaja baadaye, majike yakiwa na watoto wao weupe kifuani. Anayetaka ushahidi aende pale asubuhi.

Mwanachama aliyechangia lile daraja la kwanza ninamheshimu. Risiti yake, hata hivyo, imeandikwa "mchango wa daraja", na katiba inasema mali iliyochangwa ni ya chama. Kibao chenye jina lake kimehamishiwa kona ya mbuyu kwa gharama ya chama.

Kuhusu matuta ya kupunguza mwendo wa magari, barua yetu imefika kwa wenye barabara na tunasubiri. Vijana wa bodaboda wamelalamika kabla hata ya tuta moja kuwekwa. Nawaomba watazame Unguja: barabara inayopita msitu wa Jozani iliwekewa matuta, na vifo vya kima punju, jamaa wa mbega wanaopatikana Unguja, vikapungua. Tunachoomba ni tuta lenye rangi na bango la onyo, liwekwe kabla ya mahali pa kuvukia, pande zote mbili, ili gari lifike pale likiwa limeshapunguza mwendo. Daraja halimsaidii nyani anayetembea chini. Yeye dawa yake ni mwendo wa dereva.

Sasa fedha. Ada zilizolipwa ni Sh 74,400, michango Sh 185,000, jumla Sh 259,400. Waya, klipu na vipago Sh 96,500. Wakwezi na fundi Sh 48,000. Lori la kreni Sh 36,000. Matengenezo ya madaraja mengine Sh 41,200. Rangi na mabango Sh 22,300. Jumla iliyotumika Sh 244,000. Kimebaki Sh 15,400, ambacho hakitoshi hata waya wa daraja moja.

Ada ni Sh 2,400 kwa mwaka, yaani Sh 200 kwa mwezi. Wanachama ni 84 na waliolipa ni 31. Wenzetu 53 wanadaiwa Sh 127,200, na miongoni mwao wamo waliosema kwa sauti kubwa kuliko wote kuhusu daraja. Mkutano wa kuamua suala hilohilo la daraja uliitishwa mara mbili, na mara zote mbili akidi haikutimia. Kamati ikalazimika kuamua kwa mamlaka iliyopewa na katiba. Asiyekuja mkutanoni hawezi kusema hakuulizwa. Naumia kuliandika hili, kwa sababu mbega anayegongwa hana wa kumsemea isipokuwa sisi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijaalia, kuongeza madaraja, kuzungumza na shirika la umeme kuhusu kuvisha nyaya mpira pale makundi yanapolala, na kuwashawishi wenye viwanja wasifyeke miti ya asili wanapojenga ili vipande vya msitu viendelee kugusana hadi upande wa msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo. Wafadhili tutawatafuta.

Mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha risiti mkutano ukiendelea. Pendekezo la kamati la kukagua madaraja mawili ya kaskazini na kuyahamisha ikibidi litapigiwa kura leo na waliolipa ada peke yao, kama katiba inavyosema.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti