Mgonjwa asingoje kuwa marehemu ndipo tumkumbuke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie Wakristo wenzangu, hasa sisi Wakatoliki tunaosali katika jumuiya ndogo ndogo za majirani, kuhusu jambo linalonikera moyoni kwa muda mrefu. Mwenzetu akifariki tunajipanga vizuri sana, lakini akiugua, hata kama ni kwa miezi mingi, tunaiachia familia yake mzigo wote.

Msiba ukitokea, habari huenea kwa simu kabla jua halijazama. Mweka hazina hufungua daftari la michango, vijana huenda kukodi maturubai na viti, kina mama hugawana zamu za kupika, kwaya hufanya mazoezi usiku, na gari la kusafirisha mwili hupatikana hata kama kaburi liko mkoa mwingine. Sipingi hata kimoja kati ya hivyo, kwa kuwa kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma tuliyofundishwa katika katekisimu, na mfiwa anayezungukwa na watu hupata nguvu ya kuamka kesho yake. Ninachouliza ni kwa nini nguvu hiyo yote haikuonekana wakati marehemu huyo alipokuwa amelala wodini, mkewe akilala sakafuni pembeni ya kitanda, na sisi tukafika mara moja, tukasali, tukaacha sabuni na machungwa, tukaaga.

Kila aliyewahi kuuguza katika hospitali zetu anajua kazi ilivyo. Muuguzi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima usiku, kwa hiyo ndugu ndiye anayeleta uji asubuhi, anayefua shuka, anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, anayekimbilia duka la dawa lililo nje ya geti pale anapoambiwa kuwa dawa iliyoandikwa haipo. Mara nyingi ndugu huyo ni mwanamke: mke aliyefunga genge lake la mboga, au binti aliyeacha masomo kwa sababu hakuna mwingine wa kukaa na mama. Na mgonjwa asiye na ndugu hutegemea huruma ya wenye wagonjwa wa vitanda vya jirani, ambao humkatia kipande cha ugali wao. Ninawaheshimu sana hao wanaokata ugali, na mara nyingi hawajui hata jina la wanayemlisha.

Katika historia ya Kanisa la nchi hii tunaye mtu ambaye ningependa atajwe mara nyingi zaidi mimbarini, naye ni katekista na tabibu Adrian Atiman wa Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Alizaliwa miaka ya 1860 katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani na kuvushwa Jangwa la Sahara, hadi alipokombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana Waafrika utabibu ili warudi kuwahudumia Waafrika wenzao, na Atiman akapelekwa Malta kusomea kazi hiyo. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa huko, na mwanawe mmoja akawa padre. Alibaki akitibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956.

Hiyo ni miaka zaidi ya sitini na mitano mahali pamoja, miongoni mwa watu ambao hakuzaliwa nao na ambao lugha yao alijifunza ukubwani. Kijana aliyenyang'anywa wazazi na nchi alikuwa na kila sababu ya kuwachukia wanadamu, au walau ya kutumia elimu yake ya Malta kujitafutia maisha mepesi. Yeye akachagua kuosha vidonda vya watu wasiokuwa na cha kumlipa, waliobatizwa na wasiobatizwa, tena kwa subira ya kila siku isiyotangazwa. Ninapotafakari maneno ya Bwana, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama", humwona Atiman, kwa maana alikuja kutazama, kisha hakuondoka.

Wala si lazima turudi nyuma kiasi hicho. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata, wengi waliogopa hata kushika kikombe cha mgonjwa. Hata hivyo walikuwapo waamini wa kawaida, Wakatoliki na Walutheri, waliokwenda nyumba kwa nyumba kuwaogesha wagonjwa na kuwalisha, na jijini Dar es Salaam huduma ya Jimbo Kuu kwa wenye Ukimwi, iitwayo PASADA, ilianza mwaka 1992 kutokana na watu waliokuwa wakiishi na virusi wenyewe. Waliofanya hivyo walikuwa maskini kama sisi.

Najua nitajibiwa kwamba kuwahudumia wagonjwa ni wajibu wa Serikali na hospitali. Ni kweli, na tuendelee kuidai Serikali wauguzi na dawa. Lakini shuka chafu la leo haliwezi kungoja bajeti ya mwakani. Wengine watasema kwamba kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, tayari hutembelea wagonjwa. Nao wanastahili shukrani, ila wanaume wa jumuiya tusijifiche nyuma ya kanga zao, kwani mgonjwa mwanamume naye huhitaji kuinuliwa, kunyolewa na kusindikizwa chooni.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika mkutano wao wa mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi mahali ambapo majirani wanajuana. Kwa hiyo naziomba jumuiya zifungue daftari la wagonjwa kando ya lile la rambirambi, lenye zamu za usiku, zamu za kupika na kufua, na kiasi kidogo cha fedha za dawa na nauli. Nawaomba pia maparoko waulize habari za daftari hilo wanapokuja kutuadhimishia misa za jumuiya, kama wanavyouliza habari za zaka. Na katika daftari hilo liandikwe pia jina la jirani Mwislamu au asiye na dini, ikiwa hana mtu wa kumpelekea uji.

Msomaji wako,
Sumbawanga