Wifi yangu, usikubali kuingizwa mjini Istanbul

Wifi yangu, asalaam aleikum.

Kaka angu kaniambia jana usiku kwamba tiketi umeshakata na mwezi ujao unaenda Istanbul kufuata mzigo, mara yako ya kwanza, peke yako. Nilitaka nikupigie ila nakujua, simu yangu unaipokea huku unapimia mteja gauni, "ee wifi, ee wifi, nakusikia," ukishakata hukumbuki hata neno moja. Nikiandika kwenye grupu la familia mjomba ataleta siasa zake katikati halafu wengine wataanza kukuagiza mabuti. Basi nakuandikia hapa hadharani, usome ukiwa umetulia, na wengine wanaofuata mzigo kwa mara ya kwanza nao wachukue chao.

Utakachosema nakijua. Wewe mtoto wa Kariakoo, umeshaona watu wazima wanauziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu, nani atakuweza. Hata mimi nilisema hivyohivyo, nikapigwa mara tatu ndani ya siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyenikaba wala aliyenichomolea pochi. Hela nilitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, huku nachekacheka. Vibaka wapo, kwenye tramu ikijaa wapo, pochi weka mbele, hayo unayajua tangu daladala za Mbagala. Kule kinachotumaliza sisi ni haya. Tumelelewa ukisalimiwa uitikie, ukikaribishwa usikatae, mtu akidondosha kitu umwokotee. Sasa kuna watu pale mjini wanakula kwa kutegemea malezi yako.

Ngoja nikupe ya brashi. Natoka Karaköy jioni, navuka daraja la Galata kwa miguu naelekea Eminönü, wavuvi wamejipanga na fimbo zao, upepo mzuri, najiona mtalii kweli. Mbele yangu anatembea mzee na kisanduku chake cha kung'arishia viatu begani. Brashi inadondoka. Yeye haoni, anaendelea kutembea. Wifi, mimi niliyelelewa kama wewe, ningeiacha? Nikaiokota, nikamkimbilia kabisa. Mzee akashika kifua, akashukuru mpaka nikaona aibu, akakaa chini palepale, akaushika mguu wangu akaupandisha juu ya kisanduku, eti zawadi, zawadi, anaanza kupiga brashi. Mimi nimevaa raba za kitambaa! Anang'arisha raba za kitambaa na mimi nimesimama mguu mmoja namwangalia tu. Huku anapiga stori, mtoto anaumwa, yuko hospitali, wanne wengine wako kijijini. Alipomaliza akataja bei ambayo kwetu unanunua raba nyingine mpya. Nikamlipa. Nilimlipa kwa sababu watu walikuwa wanapita wanaangalia.

Kesho yake asubuhi pale pale darajani nikamwona yuko mbele ya mzungu mmoja, brashi inadondoka tena. Kumbe ni mchezo wa miaka na miaka, wenyeji wote wanaujua. Kwa hiyo ukiona brashi chini, wifi, ipite. Najua itakuuma, ipite hivyohivyo.

Halafu jiandae na salamu. Mturuki akikusalimia anasema "merhaba", na wewe masikioni unasikia "marahaba", yaani mtu mwenye mvi zake anakuitikia shikamoo ambayo hujampa. Mara ya kwanza nilitaka kuinama. Na watakuita "abla", maana yake dada mkubwa, kama sisi tunavyoita mtu dada au anti sokoni. Mwenye duka akikuita abla ni heshima ya kawaida tu. Ila yule anayekufuata barabarani pale Sultanahmet, mtaa wa watalii, abla abla, unatoka nchi gani, oo Tanzania, Kilimanjaro, nina rafiki Zanzibar, huyo ana duka la mazulia la binamu yake nyuma ya kona. Wengine watakuambia msikiti umefungwa sasa hivi, njoo tunywe chai wakati unasubiri. Nenda mlangoni uone mwenyewe. Ule msikiti wa Sultanahmet haulipiwi, watalii husimamishwa nje wakati wa swala tu, na wewe unakwenda kuswali kwa hiyo ingia na wanaoswali. Ayasofya pia, lile jengo la kale lililokuwa makumbusho, imerudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, mtalii sasa analipa ila mwenye kuswali ana mlango wake na halipi, usije ukapanga foleni ya tiketi na mtandio wako kichwani kama niliyemwona mimi, maskini, dada wa watu katoka Mombasa.

Sasa teksi. Hapa ndipo nilipopigwa kweli. Nimefika usiku, nimechoka, dereva kanifikisha hotelini, nikampa noti ya lira 200. Akainama kidogo kama anatafuta chenji, akageuka na noti ya 5 mkononi, uso umekunjamana, eti nimempa 5. Noti zao zote zina sura ya Atatürk, wewe mgeni, taa ya ndani imezimwa, unajitilia shaka mwenyewe. Nikaomba samahani, wifi. Nikamwomba yeye samahani, nikatoa 200 nyingine. Mpaka niko kitandani ndo nikakaa wima, nikahesabu pochi mara mbili.

Tangu siku hiyo nafanya hivi: siingii teksi kabla sijaona taksimetre inawaka, dereva akisema mbovu au akitaka tukubaliane bei nashuka, na wakati wa kulipa namwambia awashe taa, naishika noti juu aione, naitaja kwa sauti, "iki yüz", yaani mia mbili, ndo naiachia. Unaonekana mshamba kidogo. Poa tu. Na kabla ya kupanda piga picha namba ya gari waziwazi akuone, ananyooka mwenyewe. Ila ukweli ni kwamba teksi utaihitaji mara chache sana, maana pale Laleli, mtaa wa maduka ya jumla utakapolala, tramu ya T1 inapita mlangoni, inakupeleka Beyazıt, Sultanahmet, Eminönü mpaka Karaköy, na foleni za Istanbul ni kama Mwenge saa kumi na moja jioni.

Uwanja wa ndege mkubwa uko mbali na mji, ila kuna mabasi yanayoenda Aksaray, na Aksaray na Laleli ni pua na mdomo. Kuna metro pia lakini na mabegi itakutesa. Na tafadhali angalia tiketi yako ya kurudi, ule mji una viwanja viwili, mwingine unaitwa Sabiha Gökçen na uko upande wa Asia kabisa, watu wameshaachwa na ndege kwa kukimbilia uwanja siyo. Wifi ya uwanjani, naongelea intaneti sasa siyo wewe, inataka namba ya simu au uskani pasipoti kwenye mashine, kwa hiyo pakua ramani ya mji ukiwa bado Dar usije ukaanza kuhangaika pale. Tramu na metro vinataka kadi inaitwa Istanbulkart. Kwenye mashine za kuongeza salio kuna vijana watakuja kukusaidia bila kuitwa, wanabonyeza wao, hela unaingiza wewe, mwisho kadi ina salio la kijinga na chenji imeyeyuka. Sema hapana, simama pembeni, tazama mwenye begi la shule anavyofanya halafu fuatisha.

Laleli yenyewe, hapo ndo kwako. Mitaa imejaa maduka ya jumla, mabango ya Kirusi kila mahali kwa sababu Warusi ndo walioikuza biashara ile, bei wanakutajia kwa dola. Ukiona neno "toptan" mlangoni ujue wanauza jumla tu, usiingie ukaomba gauni moja. Wanauza kwa seri, yaani gauni la aina moja kwa saizi zote zilizofungwa pamoja, unachukua seri nzima, kwa hiyo kabla hujakubali uliza seri ina pisi ngapi na saizi gani, maana ukibebeshwa saizi za 36 utamuuzia nani hapa Kariakoo, wateja wako nawajua.

Na chai. Humo dukani watakuletea chai kwenye vile vigilasi vyenye kiuno, kunywa. Kunywa hata vitatu. Chai ya Laleli ni utaratibu wa biashara, na haina deni, unaweza kunywa ukaaga ukaondoka bila kununua hata kifungo, na hakuna atakayekununia, nimefanya hivyo mara nyingi. Mimi mwanzoni nilikuwa nanunua kwa sababu nimeshakunywa chai ya watu! Nina blauzi za rangi ya haradali mpaka leo stoo kwa ajili ya chai moja. Kaka ako anazijua.

Atatokea mtu anayeongea Kiswahili, utafurahi utataka kulia. Wengine ni watu wazuri sana na wamenisaidia, sitaki kuwasema vibaya. Ila jua kwamba ni dalali, akikuingiza duka anapata chake na chake kinatoka kwenye bei yako. Zunguka mwenyewe siku ya kwanza, andika bei, usinunue kitu, ndo siku ya pili ukimtaka dalali umchukue ukiwa unajua. Kuna mmoja alinipeleka kwenye duka ambalo asubuhi yake nilishaingia peke yangu, ile jaketi ilikuwa imepanda dola nne kati ya saa tatu na saa nane mchana.

Hela ya kushikia mzigo wanaita "kapora". Toa kidogo, dai risiti yenye jina la duka, hela yote subiri mpaka umeona mzigo wenyewe ukifungwa. Mimi niliwahi kuonyeshwa sampuli ya kitambaa kizito, Dar nikafungua marobota nikakuta kitu unaona kivuli cha mkono ukiweka nyuma yake. Kwa watu wa kago simama kwenye mzani, soma kilo mwenyewe, piga picha, andika jina lako kwa maka pen kila upande wa robota. Jumapili usiipangie kazi, mengi yanafunga, hata lile soko kubwa la kale lenye paa la kina Sultani, Kapalıçarşı, linafunga.

Hela badilisha kidogo tu uwanjani, zilizobaki badilisha kwenye vibanda vyenye neno "döviz" karibu na Kapalıçarşı, linganisha viwili vitatu. Ukilipa kwa kadi mashine ikakuuliza ukatwe kwa lira au kwa hela ya kwenu, chagua lira. Samaki usiagize kabla hujajua bei ya kilo. Akija mtu hana sare anasema yeye polisi anataka kuona pochi, mwambie twende kituoni, pochi haitoki. Namba ya dharura ni 112 kwa kila kitu. Ubalozi wetu uko Ankara, mbali, kwa hiyo pasipoti iache sefu hotelini, tembea na kopi.

Na kama kaka angu atasema anakufuata wiki ya pili, mwambie kwa niaba yangu kwamba kule Taksim, mtaa wa starehe, usiku, kijana mcheshi anayemwomba kiberiti halafu anamkaribisha sehemu nzuri ya kunywa kitu na akina dada wa kuzungumza nao, bili yake inakuja na mabaunsa mlangoni. Yeye atasema hanywi. Mwambie hivyohivyo.

Istanbulkart yangu ipo, usinunue nyingine. Nimeiacha kwa mama kwenye kabati la vyombo, ndani ya lile bakuli la maua lisilotumika, salio silikumbuki. Ni ya kuazima, wifi. Na lile begi langu la magurudumu ulilochukua wakati wa harusi ya Tanga bado nalisubiri.