Tangazo la "D nne" linawapotosha wanaotaka kusomea maabara ya tiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila mwaka, mara tu matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, huwagharimu wazazi wa mikoa hii ya Kaskazini fedha nyingi na kuwapotezea watoto wao muda. Ukitoka soko la Mbuyuni hapa Moshi ukatembea hadi stendi kuu ya mabasi, na ukifika Arusha hali ni hiyo hiyo, utakuta nguzo za umeme zimebandikwa matangazo ya vyuo vya kati vya afya, na mengi yao yana maneno yanayofanana: nafasi bado zipo, kozi ya maabara ya tiba, sifa ni D nne, yaani alama ya D, ambayo ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu, katika masomo manne. Tangazo linaishia hapo, na namba ya simu ya kupiga imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko sifa zenyewe.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipokea wanafunzi wanaoletwa na vyuo vyao kujifunza kwa vitendo katika maabara ya hospitali. Kwa kuwa nakaa nao benchi moja, nasema kwa uhakika kwamba "D nne" ni nusu tu ya sifa zinazotakiwa, na nusu isiyotajwa ndiyo yenye uzito.

Mwongozo wa udahili wa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, chombo ambacho wengi bado wanakiita NACTE kwa jina lake la zamani, unamtaka mwombaji wa stashahada ya sayansi ya maabara za tiba awe amefaulu mtihani wa kidato cha nne kwa angalau masomo manne yasiyo ya dini, na miongoni mwa hayo manne ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, au Sayansi ya Uhandisi badala ya Fizikia kwa wale waliosoma shule za ufundi. Hisabati na Kiingereza vimetajwa kuwa sifa za nyongeza. Kwa hiyo mtoto mwenye D za Kiswahili, Uraia, Historia na Baiolojia anazo D nne kamili, na bado hana sifa ya kusoma kozi hii kwa namna yoyote ile. Mzazi asiyelijua hilo huona tangazo, huhesabu D za mwanawe, hufurahi, na hulipia fomu.

Mama mmoja anayeuza mitumba katika soko la Memorial aliniletea karatasi ya matokeo ya binti yake iliyochapwa kutoka kwenye intaneti, akitaka nimweleze kwa nini mtoto amerudishwa nyumbani baada ya kusoma karibu muhula mzima. Nilimwonyesha mstari wenyewe kwa kidole: CIV, HIST, GEO, KISW, ENGL, BIO, B/MATH. Somo la Kemia halikuwepo, na la Fizikia halikuwepo. Hakuwa amefeli masomo hayo, bali hakuyafanyia mtihani kabisa, kwa kuwa aliyaacha alipoingia kidato cha tatu. Chuo kilimpokea kwa maelezo kwamba mambo ya vyeti "yatashughulikiwa", ada ya muhula wa kwanza ikalipwa, na majina yalipopelekwa kuhakikiwa jina lake halikupitishwa. Ada haikurudi. Ninalieleza hili bila kukitaja chuo hicho, kwa sababu sidhani kwamba ni kimoja, na kwa sababu tangazo lake halina tofauti na mengine niliyoyasoma.

Binti huyo aliamua hatima yake bila kujua alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi. Katika shule zetu nyingi za sekondari, Baiolojia na Hisabati ni lazima hadi kidato cha nne, lakini Kemia na Fizikia mwanafunzi huweza kuziacha baada ya kidato cha pili, na wengi huziacha kwa sababu mwalimu wa Fizikia hayupo, au kwa sababu chumba cha maabara kilichojengwa kwa michango ya wananchi katika kampeni ile ya mwaka 2014, enzi za Rais Kikwete, kina kuta na paa lakini hakina vifaa. Hakuna anayemwambia mtoto siku hiyo kwamba anapoiacha Kemia anafunga pia milango ya maabara, ufamasia na utabibu. Habari hiyo humfikia miaka miwili baadaye, kupitia karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo, na hata hapo humfikia nusu.

Wapo wanaosema kwamba masharti haya ni urasimu tu, na kwamba mtu yeyote mwenye bidii anaweza kufundishwa kuangalia hadubini. Naheshimu moyo wa wanaosema hivyo, lakini nadhani hawajaona kazi inavyofanyika. Nianze na Kemia, na nichukue mfano wa nyumbani. Wakazi wa Arumeru wanajua vizuri madini ya floraidi katika maji yao, kwa sababu yameacha alama ya kahawia kwenye meno ya vizazi kadhaa, na serikali iliweka kituo cha utafiti Ngurdoto kwa ajili ya kuyapunguza. Floraidi hiyo hiyo, ikiwa katika umbo la chumvi ya sodiamu, imo ndani ya kichupa chenye kifuniko cha kijivu tunachotumia kuwekea damu ya kupimwa sukari, kwa sababu chembe za damu zikiachwa bila kuzuiwa huendelea kula sukari iliyomo kwenye sampuli hata baada ya kutolewa mwilini. Sampuli ya mgonjwa wa kisukari iliyotoka zahanati ya mlimani ikiwekwa kwenye kichupa kisicho sahihi na kufika mjini baada ya saa kadhaa, mashine itatoa jibu la chini kuliko ukweli, na mashine haitakosea: itakuwa imepima kile kilichobaki. Mwanafunzi mwenye msingi wa Kemia ukimweleza hili mara moja analishika. Asiye na msingi hukariri rangi za vifuniko, na siku vichupa vya kijivu vikiisha stoo huchukua vya rangi nyingine.

Fizikia nayo imo kila mahali. Lenzi ya mafuta hukuza mara 100, ile ya jichoni mara 10, na hivyo kimelea cha malaria huonekana kikiwa kimekuzwa mara 1,000, lakini ni lazima ujue kwa nini tone la mafuta linawekwa kati ya kioo na lenzi, la sivyo utaangalia ukungu na kuandika kwamba hujaona kitu. Mashine ya kuzungusha damu inaleta somo gumu zaidi, kwa kuwa mashine mbili zenye mikono ya urefu tofauti, hata zikizunguka kwa kasi ile ile, hazitoi nguvu ile ile. Baiolojia haihitaji utetezi wangu.

Nataka kukaa zaidi kwenye Hisabati, ambayo mwongozo unaiita sifa ya nyongeza, na ambayo kwa maoni yangu haipaswi kuchukuliwa kama pambo. Mgonjwa wa malaria kali akilazwa, daktari hatosheki kuambiwa kwamba vimelea vipo. Anataka kujua ni vingapi, ili kesho yake ajue kama dawa inafanya kazi. Mtaalamu huhesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200, kisha huzidisha idadi ya vimelea kwa 8,000, ambayo ndiyo idadi ya chembe nyeupe inayokadiriwa katika mikrolita moja ya damu, na kugawanya kwa 200. Akiona vimelea 50, jibu ni 2,000 kwa kila mikrolita. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimsimamia aliviona vimelea vyote sawasawa, jicho lake lilikuwa zuri na mkono wake ulikuwa umetulia, lakini alipofika kwenye kugawanya akaandika 20,000. Jibu hilo lilirekebishwa kabla ya kusainiwa. Lingepita, na kesho yake mgonjwa akawa na vimelea 4,000, daktari angeona vimepungua mara tano, wakati kwa kweli vilikuwa vimeongezeka maradufu.

Si hesabu ngumu hiyo, na hesabu nyingi za maabara si ngumu. Ukiwa na dawa ya klorini ya asilimia 3.5 na unataka ya asilimia 0.5 kwa kusafishia benchi lililomwagikiwa damu, unachanganya sehemu moja ya dawa na sehemu sita za maji. Ni kugawanya na kutoa tu. Hata hivyo hufanywa kila siku, kwa haraka, mwisho wa zamu, na makosa yake hayaonekani kwa macho.

Kuna sababu nyingine ambayo waombaji hawaambiwi. Mhitimu wa stashahada akitaka kujiendeleza kwa shahada, vyuo vikuu vingi, kwa mujibu wa mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, haviangalii tu ufaulu wake wa chuo. Hurudi na kukiangalia tena cheti chake cha kidato cha nne, na katika kozi za afya mara nyingi hutaka humo D ya Hisabati na ya Kiingereza pamoja na masomo matatu ya sayansi. Hivyo kile kilichokuwa nyongeza mlangoni huwa kizuizi ngazi ya juu. Nina wenzangu kazini, watu hodari kabisa, ambao wamelazimika kurudia mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea wakiwa na watoto wanaosoma sekondari, kwa ajili ya D moja ya Hisabati. Wangeambiwa mapema wangeirudia wakiwa vijana, kabla ya kuajiriwa.

Je, basi Hisabati ifanywe sharti la lazima kesho asubuhi? Hapana, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu. Ufaulu wa Hisabati kidato cha nne nchini kote umekuwa chini ya theluthi ya watahiniwa kwa miaka kadhaa, na tukifunga mlango ghafla tutawafungia zaidi watoto wa shule za kata za Same, Simanjiro na Longido kuliko watoto wa shule za bweni za kulipia, kisha hospitali za wilaya hizo zitaendelea kukosa watu wanaokubali kukaa huko. Ninachopendekeza ni kwamba mwanafunzi aliyedahiliwa bila ufaulu wa Hisabati afundishwe hesabu za maabara katika muhula wake wa kwanza na kupimwa kwa mtihani wake peke yake, na asiruhusiwe kupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo hospitalini kabla hajaufaulu. Walimu wapo, na gharama yake ni ndogo kuliko kununua mashine moja.

Niongeze jambo moja ambalo fomu nyingi za uchunguzi wa afya za vyuo hulipita haraka, nalo ni uwezo wa kutofautisha rangi. Bakteria wa kifua kikuu huonekana wekundu juu ya uwanja wa buluu, na hapa Kilimanjaro, penye hospitali ya Kibong'oto inayojulikana kwa kutibu ugonjwa huo, hakuna haja ya kueleza uzito wa kipimo hicho. Wapo watu, wengi wao wanaume, waliozaliwa bila uwezo wa kuzitofautisha vizuri baadhi ya rangi, na wengi wao hawajijui. Kipimo chake ni kitabu chenye picha za vidoa na kinachukua dakika chache. Kijana apimwe kabla ya kulipa ada, aelezwe kwa heshima, na asaidiwe kuchagua kozi nyingine, badala ya kugundulika mwaka wa pili akiwa na slaidi mkononi.

Kwa hiyo ninayo maombi, na la kwanza nalielekeza kwako, Mhariri. Magazeti yetu nayo hupokea matangazo ya vyuo. Naomba tangazo lolote la kozi ya afya lisilotaja masomo yanayohitajika kwa majina yake lirudishwe kwa mwenye nalo likakamilishwe. Maofisa elimu wa wilaya nao wanaweza kuwataka wakuu wa shule kubandika sifa za kozi za afya kwenye ubao wa matangazo wakati wanafunzi wa kidato cha pili wanapochagua masomo. Kazi hii ina sheria yake ya mwaka 2007 na Baraza lake la kuwasajili wataalamu wa maabara za afya, na itakuwa jambo jema kama Baraza hilo litatoa karatasi moja fupi ya Kiswahili inayoeleza njia yote, kuanzia masomo ya sekondari hadi usajili.

Na mzazi ambaye matokeo ya mwanawe yametoka, kabla hajalipa hata fedha ya fomu, akitake chuo kimwonyeshe namba yake ya usajili, kisha aende na karatasi ya matokeo hadi kwa mwalimu wa shule alikosoma mtoto, waufungue pamoja mwongozo wa NACTVET wa mwaka huo, na walinganishe somo kwa somo.

Mteknolojia wa maabara,
Moshi, Kilimanjaro